Bolti, riveti au moto? Mjadala wa kufunga vifaa ndani ya HiAce

Toyota HiAce iliyotoka Japani ikiwa gari la mizigo inaingia gereji Dar es Salaam, na mwenye nayo anataka itoke ikiwa gari la wagonjwa. Ndani kuna bati tupu na mbavu za chuma. Kinatakiwa kitanda chenye reli zake, kiti cha muuguzi, kabati la dawa, rafu, mtungi wa oksijeni, taa, na kuta za plastiki zinazofutika kwa dawa. Rangi, king'ora na maandishi ya ubavuni hupata wasemaji wengi. Lisilo na wasemaji ni swali hili: kila kimoja kati ya vitu hivyo kitashikwa na nini kwenye mwili wa gari?

Nimeliweka swali hilo mbele ya sauti nne. Hazina majina kwa kuwa si watu fulani. Ni misimamo utakayoikuta karibu kila gereji inayogeuza magari, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Mombasa. Yupo mzee wa kuchomelea, yupo fundi kijana aliyetoka chuo cha ufundi, yupo mwenye gari, na yupo nesi atakayekaa nyuma. Huyu wa mwisho haitwi gereji hata siku moja, na kwangu ndiye aliyestahili kuitwa wa kwanza. Nami nitaingilia kila nitakapoona inafaa, na upande wangu sitauficha.

MWENYE GARI: Mafundi, ushuru nimeshalipa, na fedha iliyobaki ni ya kuhesabu. Skrubu za kujitoboa ni bei rahisi, drili ipo, kazi inakwisha leo. Kwa nini tusizitumie kila mahali?

FUNDI KIJANA: Shida ni unene wa bati, mama. Ubavu wa gari hili ni kama milimita moja tu, na bati la nje ni jembamba zaidi. Skrubu ya saizi tunayotumia, kutoka jino moja hadi jingine ni milimita 1.4 au zaidi. Kwa hiyo bati linashikwa na chini ya mzunguko mmoja wa jino. Ukizidisha mkono kidogo kwenye drili, tundu linapanuka na skrubu inazunguka bure. Hata ikishika leo, kila tuta na kila shimo barabarani litakuwa linasugua tundu hilohilo.

NESI: Na ncha yake inabaki imechomoza upande wa pili. Kitu kikianguka nyuma ya rafu usiku, gari likiwa mwendoni, natafuta kwa kupapasa. Glovu ikichanika hapo na kuna damu, nimeshaingia hatarini kwa sababu ya skrubu ya shilingi chache.

Hoja ya nesi ingetosha peke yake kuzitoa skrubu hizo katika kila sehemu ambayo mkono unaweza kufika. Zibaki kwenye vibanio vya nyaya na vipande vya mapambo, mahali ambapo kikidondoka hakimuumizi mtu, na ncha zake ziwe ndani ya ubavu uliofungika.

MZEE: Mimi sikuwahi kuamini skrubu. Mimi naamini moto. Chuma na chuma vikishachomelewa ni kitu kimoja. Hakuna nati ya kulegea, hakuna nati ya kuibiwa. Fungeni bolti zenu, halafu mrudi baada ya mwaka kutafuta kinachogonga.

FUNDI KIJANA: Shikamoo mzee. Kwa heshima yako, naomba nikupinge.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Pinga, mimi nasikiliza.

FUNDI KIJANA: Ubavu wa HiAce ni kama boksi, ndani ni mtupu. Ukichomelea juu yake, rangi na zinki ya upande wa ndani zinaungua, na huko hakuna brashi inayofika. Kutu inaanzia ndani na utaiona siku bati limeshatoboka. Pili, bati jembamba lililopata moto hudhoofika pembeni mwa mshono. Mshono wenyewe unabaki mzima, ufa unatokea kando yake kwa mtikisiko wa kila siku. Tatu ni nyaya, sponji na kompyuta ya gari. Usipotoa nyaya za betri kwanza, unaweza kuunguza kifaa cha bei kubwa kuliko kazi nzima. Na cheche moja ikiingia kwenye sponji ya dari, gari limekwenda.

MZEE: Betri natoa siku zote. Na ufa unaousema nimeuona, sikatai. Lakini niambie wewe: bolti yako unaitia kwenye bati lilelile la milimita moja. Bati likiwa dhaifu kwangu, kwako limepata wapi nguvu?

Hapo mzee amegusa kiini cha jambo, na ni swali ambalo wauza bolti hawapendi kuulizwa. Acha tuhesabu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani kinataka kuendelea mbele kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzito wake. Mtungi wa oksijeni wa kilo 15 unavuta kifungio chake kama mzigo wa kilo 300. Kabati la kilo 40 pamoja na dawa zake linavuta kama kilo 800. Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka kitanda na vifaa vibaki mahali pake hata vikivutwa kwa mara 10 ya uzito wao, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na wima. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, kabati letu ni kilo 400.

Sasa itazame bolti. M8 yenye namba 8.8 kichwani ina chuma kinachostahimili nyutoni 800 kwa kila milimita moja ya mraba kabla ya kukatika, na eneo lake kwenye meno ni milimita za mraba 36.6. Zidisha: karibu nyutoni 29,000, yaani mzigo wa takriban tani 3. Kwa mvuto ulionyooka, bolti moja ya M8 inaweza kuning'iniza HiAce tupu. M6 ya daraja hilohilo inafika tani 1.6. Makabati yanayong'oka kwenye ajali mara nyingi hutoka na bolti zake zikiwa nzima, nati zikiwa bado zimekaza, na kipande cha bati kikiwa kimeng'ang'ania chini ya washa. Kilichoshindwa ni bati. Anayenunua bolti nene zaidi bila kugusa habari ya bati ameongeza nguvu mahali ambapo haikupungua.

FUNDI KIJANA: Ndiyo maana mimi siitii bolti peke yake, mzee. Upande wa pili naweka bamba la milimita 3, upana wa milimita 50 au zaidi, pembe zake nimezisugua ziwe za duara zisikate bati. Nguvu inagawanyika kwenye eneo la bamba zima. Washa ndogo ya dukani haifanyi kazi hiyo. Inapenya bati kama kucha.

MZEE: Bamba sawa. Lakini kabati lako linagusa ubavu mmoja tu, labda miwili. Mimi ningechomelea fremu ya bomba la mraba kutoka ubavu wa mbele hadi wa nyuma, na chini nikaifikisha sakafuni. Mbavu nne zikishirikiana, na sakafu, ndiyo nguvu.

FUNDI KIJANA: Fremu hiyo naikubali kabisa. Ichomelee hapa nje, juu ya meza, gari likiwa limeegeshwa kule. Ipigwe rangi ya kuzuia kutu pande zote, kisha tuiingize ndani na tuifunge kwa bolti kwenye kila ubavu.

MZEE: Yaani moto nje, bolti ndani.

FUNDI KIJANA: Ndiyo, mzee.

MZEE: Hiyo naiweza. Ila pembe za fremu nazikata mimi, usimpe mtu mwingine.

Nadhani hili ndilo la maana kuliko yote waliyosema, na limetoka kwa watu wawili waliokuwa wakipingana. Moto una nafasi yake, kwenye bomba la milimita 2 linaloweza kugeuzwa, kukaguliwa na kupakwa rangi pande zote. Ukienda kwenye ubavu wa gari unaharibu ngao ambayo kiwanda kiliiweka na ambayo gereji haiwezi kuirudisha.

MWENYE GARI: Mnaongea bolti na bamba, lakini mmesema ubavu ni boksi lililofungika. Mkono utapitia wapi kuweka nati?

Swali zuri, na ndilo linalotupeleka kwa riveti na rivinati.

Riveti ya kawaida, ile ya kuvuta kwa koleo hadi msumari wake wa katikati ukatike, inafanya kazi kwa kuingia upande mmoja tu. Inashika vizuri mbao nyembamba na kuta za plastiki, hasa mzigo unapoitelezesha pembeni. Ikivutwa kuelekea nje uwezo wake unapungua. Na kuitoa ni kuitoboa, kwa hiyo chochote kitakachohitaji kufunguliwa, kama mlango wa kufikia nyaya, kisifungwe nayo. Zaidi ya hapo sina mengi ya kuisemea. Kwa kuta, itumike.

Rivinati ni jambo jingine. Ni bomba fupi la chuma lenye meno ya nati ndani. Inaingizwa kwenye tundu, kifaa kinavuta meno yake kuelekea kwako, na mwili wake unajikunja nyuma ya bati ukawa kola inayobana. Mwishowe bati jembamba lina nati isiyotoka, na bolti inaweza kuingia na kutoka mara nyingi. Kampuni ya Marekani ya B.F. Goodrich iliitengeneza miaka ya 1930 kwa ajili ya ndege, ili kufungia mipira ya kuondoa barafu kwenye mabawa ambayo kwa ndani hakuna mkono unaofika. Shida yao ilikuwa hii yetu: bati jembamba na upande mmoja tu wa kulifikia.

FUNDI KIJANA: Mimi naipenda, lakini nimeona zikiharibiwa kila namna. Rivinati ya M6 inataka tundu la milimita 9. Fundi hana biti ya 9, anatumia ya 10, au anapanua kwa kuizungushazungusha drili. Tundu likizidi, rivinati inakaa kama imeshika. Siku ya kufungua bolti, nati inazunguka pamoja nayo ndani ya bati na hakuna cha kuishikilia. Hapo ni grainda.

MZEE: Hizo nimezikata nyingi.

FUNDI KIJANA: Kwa hiyo natoboa kwa biti ndogo kwanza, kisha ya katikati, kisha 9 kamili. Nasugua kingo za tundu, nafyonza chenga zote za chuma kwa sababu zikibaki chini ya mkeka zitaota kutu, napaka rangi ya msingi kwenye ukingo wa tundu, naacha ikauke. Ndipo naingiza. Na nanunua za chuma zenye mwili wa mikwaruzo, maana za duara laini huzunguka kirahisi. Nasoma pia zimeandikwa zinabana unene gani. Ya bati nene ukiitia kwenye bati la milimita moja haijikunji inavyotakiwa.

NESI: Na mtungi wa oksijeni? Huo nao utashikwa na hizo?

FUNDI KIJANA: Hapana, nesi. Rivinati kwa rafu na kabati jepesi, na ziwe nyingi. Mtungi, kitanda na kiti chako ni bolti ya kupenya na bamba nyuma. Sina mjadala hapo.

Naunga mkono bila kusita. Kifungio kilichojikunja nyuma ya milimita moja ya bati kinategemea bati hilo peke yake. Nikikumbuka hesabu ya kilo 300, siwezi kumkalisha mtu mbele ya mtungi ulioshikwa hivyo. Nyongeza moja: gundi ya poliuretheni, ile nyeusi inayobandika vioo vya mbele, isidharauliwe. Ikipakwa kati ya fremu na bati safi lililofutwa vizuri inaziba maji, inanyamazisha kelele na inasaidia vifungio kugawana mzigo. Iisaidie bolti, isichukue nafasi yake.

MZEE: Turudi kwenye kulegea. Bolti zinalegea, hilo hamjanijibu.

FUNDI KIJANA: Zinalegea kweli. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinachofungua bolti zaidi ni vitu viwili vilivyobanwa kuteleza kando, kushoto na kulia, hata kwa kiasi kidogo. Kila vikiteleza, meno yanapoteza msuguano na nati inajirudisha yenyewe. Ile washa ya springi tunayoitegemea haizuii mtelezo wa namna hiyo.

MZEE: Sasa dawa ni nini?

FUNDI KIJANA: Kwanza kukaza inavyostahili, ili vitu visiteleze kabisa. M8 ya 8.8 ni kama nyutoni-mita 25, M6 ni 10, na kwenye rivinati tunashuka chini ya hapo. Pili, nati zenye pete ya nailoni kwa bolti za kupenya; hata mkazo ukipungua, nati haidondoki. Kwenye rivinati, tone la gundi ya meno ya bolti. Na kitu laini, kama sponji au mpira mnene, kisikae katikati ya fremu na ubavu mahali pa bolti. Kikishajibana na kunywea, mkazo umekwisha.

MWENYE GARI: Chuma cha pua je? Nimeambiwa hakipati kutu, tununue bolti zake zote tumalize.

NESI: Mama, mimi nasafishia damu klorini ya asilimia 0.5. Inakula vyuma vingi. Hata hicho cha pua kinatoboka vidoa ukiiacha ikaukie juu yake.

FUNDI KIJANA: Na bolti ya chuma cha pua ya kawaida si ya 8.8, nyingi zina A2-70, zinashika kidogo chini ya hapo. Zinafaa kwenye sehemu zinazooshwa, mradi baada ya klorini pafutwe kwa maji safi. Ninachokwepa zaidi ni riveti za alumini kwenye bati la chuma lenye unyevu wa chumvi. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi, moja inaliwa, na hapo ni alumini. Mji wa pwani kama huu hauhitaji miaka mingi. Chini ya kila kichwa nataka rangi na gundi, maji yasipate pa kuingia.

Limebaki la kiti, na hapa ndipo fedha na uhai hugombana waziwazi.

MWENYE GARI: Kiti cha nesi nimefikiria benchi la mbao pembeni, likae sakafuni. Mkanda tutaufunga kwenye benchi lenyewe.

NESI: Samahani mama, hapo sipandi. Mgonjwa amefungwa kitandani, dereva ana mkanda wa kiwandani, mimi nipate mkanda ulioshikwa na mbao?

FUNDI KIJANA: Mkanda lazima ushike chuma cha gari. Kama gari hili kiwandani lilikuwa na matundu ya mikanda nyuma, tuyatafute. Nati zake kwa kawaida ni za inchi 7/16, meno 20 kwa inchi, saizi inayotumika kwenye mikanda ya magari mengi duniani. Asitokee mtu akalazimisha M12, ataharibu nati iliyochomelewa kiwandani. Na M10 itaingia ikilegalega, itadanganya mkono.

MZEE: Hata matundu ya M10 ya Wajapani yana mtego. Meno yake ni ya 1.25, bolti ya dukani ni ya 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, kijana anaongeza spana ndefu. Kwisha.

FUNDI KIJANA: Kweli kabisa mzee. Bolti ya kiwandani ikitoka, iende nayo dukani ukafananishe.

Mwenye gari si mtu mbaya. Benchi la mbao ni la kawaida, na hakuna aliyewahi kumwonyesha hesabu. Lakini nesi wa kilo 65 akisukumwa kwa mara 20 ni mzigo wa kilo 1,300 kwenye mkanda, na hakuna skrubu ya mbao itakayobaki mahali pake. Akinibana nichague, king'ora kingesubiri mwezi ujao na kiti chenye mkanda wa kweli kingefungwa leo.

MWENYE GARI: Basi niambieni cha kununua, ila msinizidishie.

FUNDI KIJANA: Bolti za M10 na M8 zenye 8.8 kichwani, nati za nailoni, bamba za milimita 3. Rivinati za M6 za chuma na biti ya 9 mpya. Riveti za chuma kwa kuta. Bomba la mraba kwa mzee. Gundi nyeusi na rangi ya kuzuia kutu. Skrubu nusu kopo, kwa nyaya tu.

MZEE: Na kabla ya kutoboa sakafu, gari lipande juu. Tangi la mafuta, bomba za breki na nyaya ziko chini hapo. Kila tundu lipigwe alama kutoka chini kwanza, kisha mtu mmoja abaki chini wakati mwingine anatoboa.

NESI: Nani atazikagua baadaye?

FUNDI KIJANA: Dereva. Kila nati tukishaikaza tunaichora mstari wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Wiki ya kwanza aangalie kila jioni, baadaye kila mwezi. Bolti zetu za M8 ni spana namba 13. Za Mjapani mwenyewe ni 12. Zote mbili zikae kwenye droo ya mlango wake.